Hata mwenye 90 hutemwa

Tarehe 8 Machi 2022 mashabiki wa Seattle Seahawks, timu ya mpira wa Kimarekani, walipigwa mara mbili kwa siku moja. Kwanza zikaja habari kwamba kwotabeki wao, yaani mtupa pasi mkuu, Russell Wilson, anapelekwa Denver. Kabla machozi hayajakauka ikafuata ya pili: Bobby Wagner, lainibeka wao, naye ametemwa. Jamaa yangu anayeishi Tukwila, kusini kidogo mwa Seattle, alinipigia simu huku kwetu ikiwa usiku. Ya Wilson hata hakuigusa. "Kaka, mtu kaangusha watu mara 170 msimu mmoja, halafu unamfungashia virago? Hawa wamerogwa."

Sikumjibu vizuri. Nilikuwa na jibu la haraka, lile ambalo siku hizi kila mbishi wa mchezo huu analo mfukoni. Nikafungua kompyuta, nikamsomea alama ambazo kampuni moja ya uchambuzi ilimpa Wagner msimu ule, ambazo hazikuwa za kutisha kama za miaka yake ya kilele. Akakata simu. Baada ya dakika kumi akapiga tena. "Hizo alama nani kazitoa? Alikuwepo kwenye kikao cha makocha?"

Swali hilo limenikaa kooni tangu usiku ule. Leo nalijibu, kwa kuchelewa.

Kwa asiyeufuata mpira wa Kimarekani, mfikirie lainibeka kama kiungo mkabaji. Mbele yake kuna majitu ya kilo 130 na zaidi yanayosukumana. Nyuma yake kuna mabeki wepesi wanaofukuzana na wakamataji wa pasi. Yeye yuko katikati, na kazi yake hubadilika kila mpira unapoanzishwa: azibe pengo, amvamie kwotabeki, au arudi nyuma alinde eneo. Na kama ilivyo kwa kiungo mkabaji, akiifanya kazi yake sawasawa mara nyingi hakuna kinachoonekana. Mkimbiaji anaona njia imefungwa, anageukia kwingine, anaangushwa na mtu mwingine, na jina linalotangazwa ni la huyo mwingine.

Tuanze na zile 170, maana jamaa yangu alizishika kama hirizi. Idadi ni ya kweli, lakini ina matundu. Anayeiandika ni karani wa takwimu wa uwanja husika, na mkono wa karani mmoja si mkono wa mwingine, hasa watu wawili wanapomwangusha mmoja na ikabidi iamuliwe nani kasaidia. Kumwangusha mkimbiaji baada ya yadi moja na kumwangusha baada ya yadi tisa, wapinzani wakiwa wameshapata walichotaka, vyote huandikwa moja. Halafu kuna hili: msimu uleule mwenzake wa pembeni, Jordyn Brooks, aliangusha mara 184. Timu yenye walinzi wawili wa namna hiyo ilimaliza na ushindi 7 na vipigo 10. Safu ya ulinzi isiyoweza kuwazuia wapinzani ikatoka uwanjani lazima waangushaji wake wavune. Ukimkuta mtu anapiga deki asubuhi, mchana na jioni, usikimbilie kumsifu kwa usafi. Tazama kwanza kama bomba halivuji.

Udhaifu wa hesabu za namna hiyo ndio uliozipa alama soko. Kampuni ya Pro Football Focus, PFF kwa kifupi, haina asili ya Marekani. Aliyeianzisha ni Neil Hornsby, Mwingereza wa Luton. Mwaka 2014 Cris Collinsworth, mchezaji wa zamani wa Cincinnati Bengals na mtangazaji wa televisheni, alinunua sehemu kubwa ya hisa, na makao yakahamia Cincinnati. Leo timu zote 32 za NFL, ligi kuu ya mchezo huu, zinatumia data yake. Nasema data, si alama. Kinachookoa usingizi wa makocha ni ile orodha ya nani alisimama wapi, timu ilijipangaje, nani alitumwa kumvamia kwotabeki. Kazi ambayo zamani ilimkesheza kocha msaidizi mbele ya mkanda. Alama ni zile tunazogombania sisi.

Kuzitoa ni kazi ya punda. Mchambuzi hutazama mkanda tukio baada ya tukio, mchezaji baada ya mchezaji, na kila mmoja humpa kitu kati ya -2 na +2, kwa hatua za nusu. Sifuri maana yake alifanya kilichotarajiwa, na matukio mengi huishia hapo. Mwingine huipitia kazi hiyo tena. Kisha yote hurekebishwa na kupelekwa kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Kuna jambo hapa wabishi wengi hawalijui: alama ya msimu si wastani wa alama za wiki. Kuwa mzuri Jumapili 17 ni kazi nzito kuliko kuwa mzuri Jumapili moja, kwa hiyo mfumo humlipa anayedumu, na alama yake ya msimu inaweza kupita wastani wa mechi zake. Ukimwona mtu anajumlisha alama za wiki na kuzigawanya ili amwumbue mwenzake, mwache amalize hesabu, ndipo umwambie.

Siwadharau watahini hawa. Wanatazama kwa uvumilivu ambao mimi sina. Shida ni kwamba wanasahihisha mtihani bila kuona karatasi ya maswali. Wanacho kile tu wachezaji walichojibu kwa miguu yao. Swali lenyewe, yaani agizo la kocha, wanalikisia.

Chukua tukio hili, la kubuni, ingawa mfano wake hauishi viwanjani. Zimebaki yadi sita. Kwotabeki anajifanya kumkabidhi mkimbiaji mpira. Lainibeka macho yake yako kwa msukumaji wa kushoto wa wapinzani, maana ndivyo alivyofundishwa wiki nzima: huyu akichomoka kwenda upande wa pili, hiyo ni mbio, panda uzibe. Msukumaji anachomoka. Lainibeka anapanda hatua mbili. Kumbe mpira haukukabidhiwa. Unapita juu ya kichwa chake na kudakwa na taitiendi, mkamataji anayeanzia karibu na wasukumaji, aliyepenya nyuma yake, yadi 18. Televisheni inarudia mara tatu, na mara zote tatu jina linalotajwa ni la lainibeka. Mchambuzi mezani kwake anaandika -0.5, pengine -1. Jumatatu asubuhi, taa za chumba cha mkutano zimezimwa, kocha anausimamisha mkanda palepale na kumgeukia beki wa mwisho: "Wewe ulikuwa wapi?" Maana agizo lilikuwa lainibeka apande bila kujiuliza, na beki ashuke kumfunika.

Kwa msukumaji wa mstari wa mbele mambo ni mepesi kidogo: kamzuia mtu wake au kapitwa. Kwa lainibeka karibu kila kosa lina baba wawili, na mtahini hulazimika kuchagua mmoja. Anajua hivyo, na pale anapoona hajui anaweza kuacha sifuri. Lakini pasi ya yadi 18 iliyopita juu ya kichwa cha mtu ina kishawishi chake.

Hata hivyo nikisema alama ni takataka nitakuwa mwongo, kwa sababu zina nguvu moja ambayo macho ya shabiki hayana: hazihongwi na matokeo. Tarehe 28 Septemba 2015 Aaron Rodgers wa Green Bay Packers alitupa pasi tano za tachidauni, yaani za kufunga, na kukusanya yadi 333, timu yake ikaifunga Kansas City Chiefs 38 kwa 28. PFF, ambayo wakati huo bado ilichapisha alama zake kwa kujumlisha na kutoa, ikampa -0.8. Watu walicheka. Mimi nilicheka nao, kwa kelele. Nilipoyapitia maelezo yao baadaye kicheko kilipungua. Pasi fupi ambayo mkamataji anaidaka na kukimbia nayo nusu uwanja huandikwa kwa kwotabeki yadi zote. Mtahini humhesabia kile alichotupa, si kile mwenzake alichokimbia. Kwa hoja hiyo wako sawa kabisa. Walipokosea ni kudhani kwamba baada ya kuichambua mechi nzima kwa ustadi ule, unaweza kuikamua mpaka ikabaki namba moja, ukampelekea mtu aliyeitazama mechi kwa macho yake, naye akakushukuru.

Hapo ndipo neno kuaminika linapotuchezea. Mizani ya muuza nyama inayopunja gramu 100 kila siku inaaminika kwa maana moja: pima leo, pima kesho, itakupa jibu lilelile. Watahini wawili waliofunzwa pamoja, wanaotumia mwongozo mmoja, wanaweza kukubaliana bila wasiwasi juu ya kosa ambalo chumbani kwa makocha si kosa. Kukubaliana kwao kunathibitisha kwamba mwongozo unafuatwa. Hakuthibitishi kwamba swali limejulikana.

Na tukiacha hilo, kuna ugonjwa wa nukta. Sisi tunaotazama Ligi Kuu ya England tumeshauzoea: huyu 7.3, yule 7.1, basi huyu ni bora. Lainibeka mwenye 73.4 na mwenye 71.9 wametenganishwa na matukio machache katika msimu wenye mamia ya matukio, na kila moja ya hayo machache lingeweza kuamuliwa vingine na mtu mwenye akili timamu. Mimi nikiona tofauti chini ya alama tano nawahesabu wamelingana. Hicho ni kipimo changu tu, hakuna kanuni nyuma yake.

Matukio yakiwa machache zaidi, alama hugeuka kelele tupu. Wasomaji wa Kenya watamkumbuka Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 kama lainibeka bila kuwahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huo. Aliingia uwanjani mara chache, zaidi kwenye vikosi maalumu vya mipira ya kupigwa. Kumpima mtu wa namna ile kwa kipimo cha 0 hadi 100 ni sawa na kumpa mtoto cheti cha kuhitimu kwa sababu aliwahi kupita mbele ya shule.

Turudi kwa Wagner, maana yaliyofuata yalituumbua sote wawili, mimi na jamaa yangu. Los Angeles Rams, mabingwa wa wakati ule, walimpa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 50. Akavaa namba 45 badala ya 54 yake, kwa kuwa 54 ilikuwa na mwenyewe. Msimu ukaisha, na alama yake ya PFF ilikuwa imevuka 90, ya kwanza kati ya malainibeka wote wa ligi. Mtu niliyekuwa nimemwambia mwenzangu kwamba anashuka!

Nilijitafutia maelezo, na maelezo mazuri hayakosi. Rams walikuwa na Aaron Donald, mtu anayehitaji wasukumaji wawili kumzuia. Wasukumaji wawili wakimwendea Donald, hakuna wa kupanda kumfuata lainibeka, na lainibeka asiyeguswa ni sawa na mshambuliaji aliyeachwa peke yake kwenye boksi. Kwa hiyo alama ni ya Wagner, ila nusu yake ni ya Donald. Maelezo yalinipendeza sana mpaka nilipokumbuka mechi ya tarehe 4 Desemba 2022. Seahawks walikuja Los Angeles. Donald hakuwepo, alikuwa ameumia kifundo cha mguu wiki iliyotangulia, na hakurudi tena msimu ule. Wagner akamwangusha kwotabeki Geno Smith mara mbili nyuma ya mstari, dhidi ya timu iliyomtema miezi tisa kabla.

Na kuna lile tukio la pasi. Smith alitupa mpira mfupi kwa mkimbiaji wake, Tony Jones. Jones aliushika. Wagner alikuwa amemgandia mgongoni, mikono yake ikapita ndani ya mikono ya mwenzake, na walipofika chini mpira ulikuwa wa Wagner. Haukuanguka wala kugonga mtu; aliupora kama anayemnyang'anya mtoto kiberiti. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri. Ungempa ngapi? Nguvu na akili vinastahili +2. Lakini mtahini mkali angesema pasi ilikuwa imeshadakwa, kwamba kwa sekunde moja ulinzi ulikuwa umeshindwa, na kwamba siku nyingine Jones angebana kiwiko zaidi kidogo. Mimi nimeshaiandika +1.5, nikaifuta, nikaiandika tena. Seahawks walishinda mechi ile 27 kwa 23, kwa pasi ya Smith iliyodakwa na DK Metcalf katika dakika ya mwisho, na hilo halipaswi kuongeza wala kupunguza kitu.

Februari 2023, lainibeka aliyeongoza ligi nzima kwa alama, akiwa amemaliza mwaka mmoja kati ya mitano ya mkataba wake, aliachana na Rams. Taarifa zilisema wamekubaliana. Iite utakavyo, katika lugha ya mtaani, ametemwa.

Hapa ndipo mabishano yetu huwa yanakwenda kombo. Anayemtetea mchezaji aliyeachwa hutaja alama, anayeitetea timu naye hutaja alama, na wote wanazungumzia mwaka uliopita. Meneja anayeshika kalamu anazungumzia mwaka ujao, tena kwa bei. NFL ina ukomo wa mishahara. Mwaka 2022 kila timu iliruhusiwa dola milioni 208.2. Wagner peke yake angekula milioni 20.35 za Seattle, karibu shilingi moja katika kila kumi, akiwa na miaka 31, katika nafasi ambayo timu nyingi siku hizi hazitaki kuilipa kama zinavyolipa wavamizi wa kwotabeki. Kumwacha kuliokoa milioni 16.6. Rams nao mwaka uliofuata walikuwa wanapunguza mzigo: Jalen Ramsey akaenda Miami, Leonard Floyd akaachwa, Allen Robinson akapelekwa Pittsburgh. Wagner alikuwa mmoja katika foleni. Alama ya 90 inamlinganisha na malainibeka wenzake tu, haisemi lainibeka ana thamani gani mbele ya beki wa pembeni. Na hakuna mahali ilipoandikwa umri.

Kwa namna Seattle walivyomwacha, hapo sina utetezi. Miaka kumi, taji la Super Bowl, mara sita kwenye kikosi cha kwanza cha All-Pro, yaani cha wachezaji bora wa ligi, halafu mtu mwenyewe akaandika hadharani kwamba hakuzisikia habari kutoka kwao. Hakuwa hata na wakala wa kulaumiwa kati yao. Mkataba wake wa 2019, milioni 54 kwa miaka mitatu, aliujadili mwenyewe. Waliomwacha walikuwa na namba yake ya simu.

Mkorofi ataniletea hesabu nyingine. Seattle walikuwa 7 kwa 10 wakiwa naye. Walipomtema wakawa 9 kwa 8 na kuingia mtoano. Rams walikuwa 5 kwa 12 wakiwa naye; walipomwacha wakawa 10 kwa 7 na kuingia mtoano. Basi mtu huyu ana mkosi! Utaona jinsi namba za kweli zinavyoweza kujengewa uongo. Seattle waliinuliwa na Geno Smith, ambaye hakuna aliyemtarajia, huku ulinzi wao wa mbio ukivuja msimu mzima. Rams walirudiwa na kwotabeki wao, Matthew Stafford, akiwa mzima, na wakamwokota mkamataji chipukizi, Puka Nacua. Lainibeka hakuwa na kura kubwa katika lolote kati ya hayo. Ila mtu akikutumia hesabu ile bila jina la Wagner, nakuhakikishia utaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo nikiulizwa leo nani kazitoa alama hizo, na kama alikuwepo kwenye kikao, jibu langu ni kwamba kazitoa mtu makini ambaye hakuwepo. Nazisoma kila wiki. Alama ikigombana na nilichokiona, naurudia mkanda, na mara nyingi zaidi ya nusu naona kitu nilichokikosa. Ikija hoja ya nani aachwe na nani abaki, naifunga kompyuta, natafuta mkataba.

Jamaa yangu alikuwa ameitoa ukutani jezi yake namba 54 siku ile ya Machi. Mwaka mmoja baadaye Seahawks walimrudisha Wagner kwa mkataba wa mwaka mmoja, na jezi ikarudi kwenye msumari wake. Msimu wa 2023 aliangusha mara 183, kuliko mtu yeyote katika ligi, na simu yangu ililia mara nyingi. Timu ilikosa mtoano. Mwaka 2024 akaondoka tena, safari hii kwenda Washington kwa Dan Quinn, aliyewahi kuwa kocha wake wa ulinzi Seattle. Akiwa na miaka 34 akaingia kikosi cha pili cha All-Pro, na Washington wakafika mechi ya ubingwa wa NFC, nusu moja ya ligi. Nilimpigia kumwuliza kama jezi ameishusha tena.

"Ipo palepale," akasema, "na mwaka huu sitaki kusikia namba."

Nilikuwa nimeshafungua kompyuta.